Ngoma ya Kisukuma inakataa kukaa kwenye mistari 64 ya traka, msaada wakuu

Dogo_wa_Igoma

Wakuu habari za saa hizi, natumai wote wazima. Mi nipo Mwanza huku Igoma, mchana nauza makava na chaja za simu, usiku nikishafunga kibanda nakaa na muziki. Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu 2GB, nikifungua hizi programu kubwa za studio feni inalia kama mtu anapanda kilima cha Bugando na ndoo ya maji kichwani, dakika kumi nyingi, imeganda. Sasa kuna jamaa akanionyesha programu ndogo ya kutengeneza muziki, aina inayoitwa traka, nikapakua OpenMPT bure kabisa, aisee inafunguka hapo hapo na haijaganda hata siku moja. Iko kama daftari la mahesabu, mistari inashuka chini, kwenye kila mstari unaandika noti, namba ya sampo (kipande cha sauti iliyorekodiwa) na vijinamba vingine mbele ambavyo mpaka leo sijavielewa.

Shida yangu ni hii. Mwezi wa 6 nilienda Bujora kwenye Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, nikarekodi kwa simu ngoma ya Bugobogobo, wale wa majembe. Nikakata mapigo mojamoja, ngoma kubwa, ndogo mbili, na manyanga. Nikiyapanga kwenye traka inatoka disko vumbi, du tsi du tsi, kitu ambacho kule Bujora sikukisikia kabisa. Nikakaa nikahesabu kwa vidole nikagundua ile niliyorekodi inaenda tatu tatu, traka inaenda nne nne. Nikaweka pigo kila mstari wa tatu, ikakubali, lakini pateni (ukurasa mmoja wa hiyo mistari) ina mistari 64 na 64 haigawanyiki kwa tatu, mwisho kunabaki mstari mmoja unaning'inia, kila ikizunguka inachechemea kama mtu kavaa ndala moja.

La pili, jamaa kaniambia muziki halisi wa traka ni chaneli 4 tu, yaani safu nne za sauti, ukizidisha umedanganya. Mi nataka ngoma tatu, manyanga, besi, gita, na honi ya kivuko cha Kamanga niliyoirekodi mwenyewe naipenda kufa. Hivi vitaingiaje kwenye 4? Na kwa nini 4, nani alipanga?

Nawasilisha.

NgojaWaje

Niko siti ya mbele na karanga zangu. Mi niliposoma traka nikajua ile ya kufungwa kwenye bodaboda isiibiwe, nikaja mbio nina yangu inasumbua.

FundiRedio_MZA

Marahaba, najua hujanisalimia ila nakuitikia kabisa tuanze vizuri.

Kijana umenikumbusha mbali sana. Mi natengeneza redio na vikuza sauti pale Makoroboi sasa hivi, lakini mwaka 98 nilikuwa najifunza kompyuta mjini, darasa la mashine sita, moja tu ndio ilikuwa na kadi ya sauti, Sound Blaster. Mwalimu alikuwa na sidii imejaa takataka za kila aina na humo ndani kulikuwa na FastTracker II, inafanya kazi kwenye DOS, skrini ya bluu bluu, hakuna aliyekuwa anajua ni nini. Nikabonyeza bonyeza ikalia. Kuanzia siku hiyo nikawa nabaki darasani mpaka mlinzi anazima taa. Kuna wimbo niliutengeneza kwa masaa mawili na nusu nikawa najisemea nikimaliza sehemu ya chemko ndio nihifadhi, umeme ukakatika. Mpaka leo nikifika popote nahifadhi kwanza ndio nasalimia watu.

Swali lako la kwa nini 4 lina jibu na sio mtu alikaa akapanga tu. Traka ya kwanza yenye sura hii unayoiona iliitwa Ultimate Soundtracker, aliiandika Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, mwaka 1987, kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga. Ile Amiga ilikuwa na chipu ya sauti inaitwa Paula, na Paula ana midomo minne, basi. Kila mdomo unasoma sampo yake moja kwa moja kutoka kwenye memori kwa spidi yake wenyewe, prosesa haihangaiki. Ukitaka noti ya juu, sampo inasomwa haraka, ukitaka ya chini inasomwa polepole, ni kama kaseti redio betri zikiisha. Kwa hiyo chaneli 4 ni waya nne za kweli ndani ya mashine. Mbili zinatokea spika ya kushoto na mbili ya kulia, ya 1 na ya 4 kushoto, ya 2 na ya 3 kulia, hakuna katikati. Ndio maana ukisikiliza nyimbo zile za zamani kwa hedifoni unahisi mtu kakukaba sikio moja.

Ile ya Obarski haikuuzika sana, lakini wahuni wakaifumua wakatoa zao. Ya kwanza ilikuwa na sampo 15 kwa wimbo, baadaye zikawa 31. NoiseTracker mwaka 1989, halafu ProTracker 1990, na hiyo ProTracker ndio kila mtu anaifuata mpaka kesho.

Na memori sasa. Amiga 500 ilitoka dukani na kilobaiti 512. Rekodi yako ya simu, ukiigeuza kuwa WAV ya kawaida ya stirio, kila sekunde inakula kama kilobaiti 172, maana yake sekunde tatu tu za hao Wasukuma wako wamejaza mashine nzima na hakuna pa kuweka hata hiyo programu yenyewe. Wale vijana walikuwa wanatumia sampo za mono, biti 8, na noti ya katikati ikisomwa kama mara 8,287 kwa sekunde. Sekunde moja kilobaiti 8. Kwa hiyo ngoma unaikata mkia, unabakiza pigo na mlio kidogo, basi.

Haya, mistari 64. Hiyo usihangaike nayo, tunaivunja. Kwenye mstari wa 47, chaneli yoyote, kwenye vile vijinamba vya mwisho andika D00. Hiyo ni amri inasema pateni iishie hapa twende inayofuata. Kumbuka ni 47 sio 48 maana mistari inaanza kuhesabiwa sifuri, mi mwenyewe niliwahi kuweka 48 nikachechemea wiki nzima. Sasa una mistari 48, na 48 inagawanyika kwa tatu vizuri tu: mistari 12 kwa kila mzunguko, mapigo makubwa yakae kwenye 0, 3, 6, 9, unapata mizunguko minne kwa pateni.

Ukifanya hivyo utaona inakimbia kama imeibiwa. Ni kwa sababu spidi ya kawaida ni 6, yaani kila mstari una tiki 6 (vipande vidogo vya muda), na tiki moja ni milisekunde 20 ukiacha tempo ilivyo, 125. Mstari mmoja 120. Pigo la mistari mitatu linakuwa 360, mapigo kama 167 kwa dakika, hapo hata mchezaji wa ngoma ya nyoka angeomba maji. Andika F08 kwenye mstari wa kwanza, spidi inakuwa 8, mstari unakuwa milisekunde 160, pigo 480, umerudi kwenye mapigo 125 kwa dakika safi.

Na sauti ya kila pigo ipange kwa C. C40 ndio mwisho wa juu, C20 nusu, C10 robo. Hizo ni namba za heksa, zinahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi, 40 yao ni 64 yetu. Mpiga ngoma hapigi mapigo yote kwa nguvu sawa, ukiacha yote C40 itakuwa mtu anagonga mlango wa mdeni.

Dogo_wa_Igoma

Shikamoo mzee wangu, samahani sana nilipitiwa. Nimesoma mara tatu, asante mno, nimeijaribu usiku huu huu.

Ila mzee imekuwa vituko. Nimeweka F08 mstari wa kwanza, spidi haijabadilika hata kidogo, badala yake ile ngoma kubwa sauti imepanda juu, duuuiii, kama kuku kakanyagwa. Nimeweka D00 mstari wa 47, wimbo umepita hapo kama haujaiona umeenda mpaka 63. Nikasema basi ngoja nipange sauti, nimeweka C40 kwenye mstari wa 6, wimbo ukifika hapo unaruka pateni inayofuata! Yaani ulichosema kinavunja pateni hakivunji na ulichosema ni sauti ndio kinavunja. Majirani wananiona nacheka peke yangu saa saba usiku.

NgojaWaje

Karanga zimeisha naomba mtu aniletee za pili 😂😂

BitiKali

Dogo mi nakushauri kama ndugu, acha kujitesa. Tafuta hela kidogo ongeza ramu iwe 8, weka FL Studio, utapiga hiyo ngoma yako kwa dakika tano na utaisikia kwenye redio. Hao wa D00 sijui F08 ni mambo ya wazee wa kompyuta za kizamani, mwaka huu nani anaandika muziki kwa namba? Prodyuza gani Bongo anatumia hiyo? Sitaki ugomvi na mtu, nasema ukweli tu.

Dada_Kagera

Dogo pole, hujakosea kitu na mzee hajakosea, mmetofautiana lugha tu. Nina uhakika ulipofungua OpenMPT ulibonyeza mpya ukaanza kazi. Ile usipochagua kitu inakupa faili la aina ya IT au MPTM, na hizo zinafuata herufi za traka nyingine, Impulse Tracker. Mzee anakufundisha herufi za MOD, aina ya faili ya traka za Amiga. Ni koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni huo wa Amiga, MOD, na baadaye XM ya FastTracker II ya Waswidi wa Triton. Humo C ni sauti, D inavunja pateni, F ni spidi. Ukoo wa pili ulianzia kwenye PC, Scream Tracker 3 ya Wafini wa Future Crew, na Impulse Tracker ya Jeffrey Lim wa Australia ikafuata herufi zile zile. Huko A ni spidi, T ni tempo, C ndio inavunja pateni, D inashusha au kupandisha sauti taratibu, na F inateleza noti kwenda juu. Ndio maana kuku wako alilia. Ulikuwa unaomba chumvi kwa mtu ambaye kwao neno hilo maana yake pilipili.

Fungua faili jipya, usibonyeze tu, chagua aina MOD. Kila alichosema mzee kitafanya kazi kama alivyosema. Au chagua XM, herufi zile zile, lakini humo unaweza kuiambia pateni moja kwa moja iwe na mistari 48, hata D00 huihitaji, na chaneli zinafika 32. Mzee atanuna ila ndio hivyo.

Na we BitiKali, sikupingi kwenye ramu, kila mtu anataka ramu. Ila ya kizamani kwa maana gani? Calvin Harris albamu yake ya kwanza ya 2007 aliitengeneza kwa Amiga. Muziki wa gemu ya Unreal ya 1998 ni mafaili ya traka. Mi natengeneza vigemu vidogo vya simu hapa Bukoba, wimbo mzima wa dakika tatu kwangu unakuwa kilobaiti 60, 70. Mteja wangu ana bando la shilingi mia tano, akipakua gemu la megabaiti 4 analicheza, likiwa la megabaiti 80 kwa sababu ya muziki ananitukana kwenye maoni. Mi kwa nini nisiandike namba?

Halafu namba zenyewe mbona ndio afadhali. Kabla ya traka watu walikuwa wanafanya zaidi ya hapo. Kompyuta ya Commodore 64 ilitoka 1982 na chipu ya SID, sauti tatu tu, watu kama Rob Hubbard walikuwa wanaandika muziki kwa lugha ya mashine yenyewe, noti ni namba, mdundo ni namba, kila kitu namba. Mwaka 1986 Chris Hülsbeck alikuwa na programu yake Soundmonitor, ilichapishwa kwenye jarida la Ujerumani, 64'er, ikiwa ni orodha ya maandishi ya programu, msomaji unakaa unaichapa mwenyewe kwa kibodi kurasa kwa kurasa, ukikosea tarakimu moja imekula kwako. Nyie mnalalamikia F08.

FundiRedio_MZA

Binti umenisaidia, mi sikuwaza kabisa kama siku hizi inaanza na aina nyingine. Na sinuni. Ila XM chaneli 32 mpe akishajua 4, mtu akianza na nyumba ya vyumba 32 analala sebuleni.

Solo_la_Pili

Samahani wakuu naingilia, mi kompyuta najua kuangalia mpira tu. Lakini nimepiga gita la dansi huku Mwanza miaka mingi, hotelini, kwenye kumbi za ufukweni, mpaka vidole vikaota sugu, na nimesoma hapo kuhusu chaneli nne nikaona kuna kitu mnakizunguka.

Hebu nielewesheni. Hiyo chaneli ikiwa inalia noti moja, ukiandika noti nyingine mbele yake, ile ya kwanza inakatika?

Dada_Kagera

Ndio kaka, inakatika papo hapo. Chaneli moja sauti moja.

Solo_la_Pili

Basi hiyo ni kamba ya gita. Kamba moja haiwezi kulia noti mbili, ukibana ya pili ya kwanza imekufa. Dogo we umepewa gita la kamba nne, usiseme umepewa wanamuziki wanne. Kosa lako unataka kila chombo kiwe na kamba yake.

Sisi kwenye bendi tulikuwa solo, solo la pili, rithimu na besi. Mtu wa nje akisikia anadhani gita zote zinapiga wakati wote. Uongo. Rithimu akigusa mi nimenyamaza, akinyanyua kidole naingia pale pale kwenye tundu alilotoka, solo naye anasubiri sisi tukitulia ndio anaongea sentensi yake ndefu. Ukirekodi gita langu peke yake ni ujinga mtupu, ti, kimya, kimya, ti ti. Limejaa matundu. Hayo matundu ndio kazi yenyewe, bosi wangu wa zamani alikuwa anakata posho ya mtu anayejaza matundu ya mwenzie.

Sasa chukua ngoma zako. Ile kubwa inapiga wapi? Kama kwenye 0 na 6, basi kwenye mistari mingine kamba hiyo iko bure, muweke besi hapo hapo. Besi akiingia mlio wa ngoma unakatika lakini sikio limeshapokea pigo, halijali mkia. Zile ndogo mbili kwenye rekodi yako je, zinalia kwa pamoja au zinajibizana? Nyingi zinajibizana. Kama zinajibizana zote mbili kamba moja. Manyanga na gita kamba moja wakipishana. Inabaki kamba moja nzima kwa ajili ya solo na honi yako ya kivuko. Na honi usiipige kila mzunguko kijana, kivuko chenyewe hakipigi honi kila dakika.

FundiRedio_MZA

Solo la Pili wewe ulizaliwa kwa ajili ya ProTracker ukakosea njia ukaishia kwenye gita.

Ngoja niongezee hapo kwa besi kukata ngoma. Wale wa Amiga ndio walivyokuwa wanafanya, na kuna nyingine: ekoo. Hakukuwa na kifaa cha ekoo, kwa hiyo solo ikimaliza kauli yake kwenye chaneli ya 4, zile noti za mwisho unazirudia chaneli ya 3 mistari mitatu baadaye kwa C10. Moja ikitokea kushoto nyingine inajibu kulia, kama mtu anaita kutoka kwenye mawe ya Bismarck na ng'ambo wanamrudishia.

Na kodi, kodi ya gita nasema sio ya mwenye nyumba. Kodi ni noti tatu, utakula chaneli tatu. Kuna amri ya sifuri, 037 au 047, inazungusha noti tatu kila tiki, haraka mpaka sikio linasikia kitu kimoja kinachotetemeka. Ile sauti ya chiri chiri ya magemu ya zamani ndio hiyo.

Dada_Kagera

Nyongeza ndogo hapo kwa mzee, 037 inataka spidi inayogawanyika kwa tatu, 6 au 9. Kwenye F08 mzunguko wa mwisho unakatika njiani, inasikika inakwaruza. Wengine wanapenda. Mi kwa gita la dansi ningemwomba huyo kaka apige kodi nzima mara moja nirekodi, iwe sampo moja, chaneli moja. Ndivyo watu wengi wa Amiga walivyofanya mwisho wake.

Halafu Dogo usisahau, ile ngoma yako ya rekodi haipigi kwenye mstari kamili kama mashine. Ukiona imekuwa ngumu kama mbao, weka ED1 au ED2 kwenye ngoma ndogo, noti inachelewa tiki moja au mbili, milisekunde 20 au 40. Usiweke kwenye zote, weka ile ambayo kwenye rekodi unasikia mpigaji anaivuta. Na pigo likijirudia sana liwekee 902, linaanza kusoma sampo baada ya baiti 512 za mwanzo, ule ukali wa kiganja unaondoka linabaki tumbo la ngoma. Sampo moja umepata ngoma mbili bure. Tatizo ni kwamba kisanduku ni kimoja, ukiweka 902 huwezi kuweka C kwenye mstari huo huo wa chaneli hiyo hiyo, itabidi uchague.

BitiKali

Sawa nimewasikia. Bado nasema ongeza ramu. Ila hiyo ya matundu ya gita naenda kuijaribu kwenye FL usiku huu, maana biti zangu zinajaa sana, kuna mtu aliniambia nikamnunia.

Dogo_wa_Igoma

Wakuu nimerudi, siku nne kimya nilikuwa kazini na hii kitu, shikamooni wakubwa wote.

Nimefungua MOD kama dada alivyosema. D00 imevunja, F08 imepunguza, kuku hajalia tena. Nimekaa na rekodi nikasikiliza kila ngoma peke yake, kweli bhana zile ndogo mbili hazigongani hata mara moja, zinapokezana kama watu wanatwanga kinu kimoja. Nimeziweka chaneli ya 2 zote. Kubwa na besi chaneli ya 1. Sasa besi yenyewe sikuwa nayo, nilikuwa nishakata tamaa, juzi asubuhi nipo mwaloni Kirumba kumchukulia mama dagaa, boti ikawashwa pale, ile mashine ya nyuma, nikatoa simu nikarekodi. Nyumbani nikakata kipande kidogo sana, sijui hata kama kinafika sehemu ya mia ya sekunde, nikakiwekea mzunguko kijirudie, kikawa noti. Yaani boti imekuwa gita la besi! Ukikipandisha kinalia, ukikishusha kinanguruma, na chote ni baiti mia na kitu.

Faili zima limetoka kilobaiti 41. Nimemrushia jamaa kwa bluetooth akauliza mbona haijaanza kutuma, nikamwambia ishafika.

Jumamosi nikaenda Kisesa kwa bibi nikampigia. Bibi miaka yake alikuwa anaenda kulima na kikundi, ngoma inapigwa shambani wao wanashusha majembe kwa pamoja. Kasikiliza mpaka mwisho, honi ya Kamanga ikalia akashtuka akauliza tumefika? Nikamwambia bibi vipi, iko sawa? Akasema ngoma ni yenyewe, sauti ni zenyewe, ila hao watu wako wavivu, kwa mwendo huo mvua itawakuta hawajamaliza tuta la kwanza.

Nimeweka F07.

FundiRedio_MZA

F07 mstari ni 140, pigo 420, inakuja kama 143 kwa dakika. Bibi yuko sahihi. Ihifadhi kwanza.